Daftari Moja la Kukuvusha: Kutoka Muhula wa Kwanza Hadi Mshahara wa Kwanza

Malalamiko ni yaleyale. "Nilikesha nasoma, nilipoona karatasi ya mtihani kichwa kikawa cheupe." "Pesa ya muhula imekatika wiki ya sita." "Nimefanya kazi miezi minane, bosi anasema haoni nilichofanya." Wengine wanaoniuliza bado wako darasani, wengine wameshaajiriwa, lakini ugonjwa wao ni mmoja: kila kitu wamekiweka kichwani. Kichwa ni chombo kizuri cha kufikiri. Kukabidhi tarehe, madeni na ahadi humo ni kosa, kwa sababu kinadanganya, tena kinadanganya kwa kujiamini.

Mwongozo huu unatumia daftari moja la karatasi. Zamani nilikuwa nashauri programu za simu, nikaacha. Anayefungua simu aandike tarehe ya mtihani anakutana na jumbe kumi na mbili, na tarehe inabaki haijaandikwa.

## Vinavyohitajika

- Daftari gumu la kurasa 200 hivi, linaloingia kwenye begi unalobeba kila siku.
- Kalamu mbili. Moja itapotea.
- Kalenda ya chuo na muhtasari wa kila kozi. Ukishaajiriwa, weka mkataba wako wa kazi mahali pake.
- Simu yenye kamera, kwa ajili ya kupiga picha kurasa na vyeti.
- Bahasha au folda ya karatasi halisi.
- Dakika 20 za siku moja ya wiki, zisizobadilika. Bila dakika hizi, vingine vyote ni mapambo.

Usinunue madaftari manne, moja la masomo, moja la pesa na kadhalika. Wiki ya tatu utakuwa umesahau mawili chumbani.

## Hatua ya 1: Gawa daftari kabla hujaandika lolote

Andika namba kwenye kurasa zote. Ni kazi ya kuchosha ya nusu saa, na ndiyo itakayokuwezesha kuandika "tazama uk. 43" badala ya kupekua. Kurasa 30 za mwanzo ni za tarehe. Kurasa 20 za mwisho ni za pesa, na unazijaza ukianzia nyuma ya daftari kuja mbele. Acha kurasa 10 kabla ya hizo kwa ajili ya watu. Katikati yote ni masomo na, baadaye, kazi.

## Hatua ya 2: Hamisha tarehe zote, kisha hesabu kurudi nyuma

Wiki ya kwanza ya muhula, keti na muhtasari wa kila kozi. Andika kila siku ya kukabidhi asaimenti, kila jaribio na kila mtihani, kwa mpangilio wa tarehe na si kwa mpangilio wa kozi. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba kazi tatu zinaangukia wiki moja. Bora uligundue hilo wiki ya kwanza kuliko wiki ya kumi.

Sasa sehemu inayowashinda watu. Tarehe ya kukabidhi haikusaidii sana. Unayoihitaji ni tarehe ya kuanza, na hiyo hakuna mhadhiri atakayekuandikia.

Makadirio yetu ya muda ni mabovu, na hilo limepimwa. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria watamaliza kwa siku 34. Walitumia siku 55. La kuchekesha ni kwamba walikuwa wameombwa pia wakadirie itakuwaje mambo yakiharibika kabisa, na hata hapo wastani wao haukufika siku 49. Yaani hali yao ya kawaida ilikuwa mbaya kuliko ubaya waliouwaza.

Ukigawanya 55 kwa 34 unapata 1.6 na kidogo. Hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia. Kisia siku unazodhani kazi itachukua, zidisha kwa 1.6, kisha hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kukabidhi. Mstari wa daftari unaonekana hivi:

> Insha ya Sosholojia. Kukabidhi: tarehe 28. Nadhani: siku 5. Kweli: siku 8. KUANZA: tarehe 20. Kitu cha kwanza: kutafuta makala tatu maktabani, saa nne asubuhi.

Tazama maneno ya mwisho. Usiandike "kuanza insha", kwa sababu hiyo si kazi, ni wingu. Andika kitendo ambacho mtu aliyekaa pembeni angekuona ukikifanya.

Ukishakabidhi, ongeza neno moja tu: "Zilitumika: siku 9." Baada ya kazi tano au sita utakuwa na namba yako mwenyewe. Ya kwangu ni karibu mbili, na nimeacha kuionea aibu.

Tahadhari. Usijaze kila siku. Acha angalau siku moja ya wiki haina kitu, maana ugonjwa, msiba na umeme kukatika havina tarehe kwenye muhtasari wa kozi.

Utajua imekaa sawa pale mtu atakapokuuliza "wiki ijayo una nini?" nawe ukafungua daftari badala ya kutazama dari.

## Hatua ya 3: Soma kwa kujiuliza maswali

Kusoma noti mara nne na kuzipaka rangi za kung'aa kunaleta raha, na raha hiyo ndiyo mtego. Maneno yanazoeleka machoni, nawe unadhani umeyajua.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha maandishi mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kukikumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 61, waliorudiarudia kusoma asilimia 40. Mtihani wako hauji baada ya dakika tano.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Kipindi kikiisha, siku hiyohiyo, gawa ukurasa kwa mstari wa kusimama. Kulia andika noti kwa ufupi. Kushoto andika maswali ambayo noti hizo zinayajibu.
2. Kesho yake funika upande wa kulia kwa kiganja. Jibu maswali kwa sauti au kwenye karatasi chakavu. Ukikwama, kwama kwanza. Usifunue haraka, ule ugumu wa kuvuta jibu ndio unaolikaza.
3. Rudia siku ya tatu, siku ya saba, na wiki ya tatu. Weka alama ya nukta pembeni ya swali kila unapolikosa.
4. Unapokaribia mtihani, soma maswali yenye nukta mbili au zaidi tu. Mengine yaache.

Hatua ya nne inawatisha watu. Wanataka kusoma yote, hasa yale wanayoyajua, kwa sababu kujibu vizuri kunatuliza moyo. Unatuliza moyo kwa muda wa mtu mwingine: yule wewe wa chumba cha mtihani.

Kuhusu kukesha: mtu mzima anahitaji usingizi usiopungua saa saba, na usingizi ndio wakati ubongo unapokazia ulichojifunza mchana. Ukikesha unaongeza noti kichwani huku ukimfukuza karani anayezipanga. Kahawa nayo ina hesabu yake. Kwa wengi, saa tano hivi baada ya kuinywa nusu ya kafeini bado iko mwilini. Uliyokunywa saa kumi jioni, nusu yake inalala nawe saa tatu usiku.

Dalili kwamba inafanya kazi: mwanzoni unajiona mjinga. Unafunika, unakwama, unaudhika. Ukijiona unasoma kwa raha tupu, umerudi kwenye kupaka rangi.

## Hatua ya 4: Andika pesa kabla ya kuipangia

Watu huanza na bajeti. Anza na ukweli. Kwa siku 30 andika kila kinachotoka, siku hiyohiyo, bila kujihukumu na bila kujibana. Ukijibana mwezi huo unaandika habari za mtu mwingine.

Kisha ndiyo ugawe. Tatizo la pesa ya mwanafunzi ni kwamba huja kwa mkupuo na kutoka kwa matone, na wiki ya kwanza kila mtu ni tajiri. Dawa ni kuigeuza iwe mshahara wa wiki. Tuseme una 1,000, sarafu yoyote ile, na muhula ni wa wiki 16:

> Iliyopo: 1,000. Chumba na ada zilizobaki: 360. Inabaki 640. Dharura (sehemu ya kumi): 64. Inabaki 576. Kugawa kwa wiki 16 = 36 kwa wiki.

Lipa chumba siku hiyohiyo. Ya dharura iweke mahali penye usumbufu wa kuifikia. Nyingine yote iwe akaunti moja, na kila mwanzo wa wiki hamishia 36 kwenye ile unayotumia. Zikiisha siku ya tano, siku mbili zilizobaki zitakufundisha zaidi ya ukurasa huu.

Tahadhari kuhusu mikopo ya haraka ya simu. Riba ya asilimia 10 inasikika ndogo kwa sababu hatuulizi ni ya muda gani. Ikiwa ni kwa mwezi, na inaongezwa juu ya deni ambalo halijalipwa, 100 uliyokopa inakuwa 195 baada ya miezi saba, na 314 mwaka ukitimia. Ipo njia ya kukadiria kwa haraka: gawanya 72 kwa riba, unapata vipindi ambavyo deni litachukua kujizidisha mara mbili. Sabini na mbili kwa kumi ni saba na ushee. Fanya hesabu hiyo kabla ya kubonyeza "kubali".

## Hatua ya 5: Kurasa za watu

Hapa pana aibu nyingi, basi niliseme wazi: kumwandikia mtu unayemfahamu kidogo si kuombaomba. Mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha mwaka 1973 uchunguzi kuhusu watu waliopata kazi mpya kupitia mtu wanayefahamiana naye. Chini ya asilimia 17 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki, zaidi ya asilimia 80, walikuwa wakionana naye mara mojamoja au kwa nadra. Sababu si ngumu. Rafiki yako wa chumbani anajua yaleyale unayoyajua. Mtu wa mbali kidogo yuko kwenye mikusanyiko mingine, na anasikia habari zisizokufikia.

Kwenye kurasa zile kumi andika majina 30: waliokutangulia chuoni, wahadhiri wawili wanaokufahamu kwa kazi yako na si kwa sura tu, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, mtu mliyefanya naye mradi. Mbele ya kila jina weka tarehe ya mwisho mliyowasiliana. Kila wiki mwandikie mmoja. Ujumbe wenyewe uwe mfupi:

> Habari za siku nyingi, dada. Ni mimi wa darasa la takwimu, tulikuwa kundi moja la mradi wa mwisho. Nasikia uko kwenye uchambuzi wa data sasa, hongera sana. Namaliza mwaka huu. Ningeomba dakika kumi zako, siku utakayopenda, nikuulize nijifunze nini kwanza kati ya mambo mawili. Asante, na kazi njema.

Hakuna "nisaidie kazi" humo. Kazi hana mfukoni. Ushauri anao, na ukishaufuata na kurudi kumwambia matokeo, jina lako litamjia siku nafasi itakapotajwa mbele yake.

## Hatua ya 6: Kusanya ushahidi kabla ya mahafali

Ukiwa bado chuoni, chukua transkripti, barua za mafunzo kwa vitendo na nakala za kazi zako bora. Piga picha, hifadhi sehemu mbili, weka karatasi kwenye folda. Waombe wahadhiri wawili wawe wadhamini wako, ana kwa ana, wangali wanakukumbuka. Kila ombi la kazi unalotuma liandike: tarehe, nafasi, wasifu uliotumia.

Mwajiri wa kweli hakutozi ada ya usaili, ya fomu wala ya sare. Ukiombwa pesa ili upate kazi, ondoka.

Mkataba ukija, usisaini ukiwa umesimama. Omba ukausome nyumbani, na utafute majibu ya maswali matano: kipindi cha majaribio ni cha muda gani, notisi ni siku ngapi kwa kila upande, saa za kazi ni zipi, likizo ni siku ngapi, na mshahara uliotajwa ni kabla au baada ya makato. Swali la mwisho limewaliza wengi mwezi wa kwanza.

## Hatua ya 7: Siku 90 za kwanza kazini

Chuoni swali linakuja limechapwa, lina alama pembeni na tarehe juu. Kazini linakuja hivi, bosi akiwa anapita mlangoni:

"Niandalie ile ripoti ya mauzo, naihitaji haraka."

Kijana anajibu, "Sawa, bosi," anaketi, na kwa saa tatu anaandaa ripoti isiyotakiwa. Hakuuliza kwa sababu anaogopa kuonekana hajui. Jibu lenye faida ni hili:

"Sawa, bosi. Nithibitishe kidogo: ni ya mwezi uliopita peke yake au robo nzima? Na haraka ni leo kabla ya saa kumi, au kesho asubuhi?"

"Robo nzima. Kesho saa tatu."

Andika mbele yake, papo hapo, maneno yake mwenyewe. Kuandika mbele ya mtu ni aina ya heshima ambayo wakubwa huiona haraka, na inakulinda siku akisema hakusema hivyo.

Kisha kila wiki, kwenye zile dakika 20, andika mistari mitatu: nilichokamilisha, kilichonikwamisha, kinachofuata. Mstari wa kwanza uwe na namba. "Nimeshughulikia orodha ya wateja" haina uzito. "Nimepitia wateja 412, nimeondoa majina 37 yaliyojirudia" ina uzito, na miezi sita baadaye hutaikumbuka kama hukuiandika. Siku ya tathmini unakuja na kurasa mbili za mistari kama hiyo. Yule aliyelalamika kwamba bosi haoni alichofanya hakuwa mvivu. Nilipomuuliza anitajie mambo matano ya miezi ile minane, alitaja mawili akanyamaza. Bosi angeyaonea wapi?

Kuhusu makosa, nitasimulia langu. Mwaka wangu wa kwanza nilimtumia mteja toleo la zamani la hati ya bei. Niligundua mchana uleule, saa nane. Nikanyamaza, nikijipa moyo kwamba huenda asiifungue. Aliifungua, akaipeleka kwa wakubwa wake, nao wakaipitisha. Kosa ambalo lingefutwa kwa simu moja ya dakika mbili likawa vikao vitatu. Hakuna aliyenigombeza kwa kutuma hati isiyo yenyewe. Walinigombeza kwa siku mbili za ukimya.

Tangu hapo nina fomula, nimeibandika ndani ya jalada la daftari: *Nimekosea hiki. Athari yake ni hii. Nimeshafanya hiki. Nahitaji hiki kutoka kwako.* Sentensi nne, ndani ya saa moja, bila hadithi ya kwa nini. Sababu wataiuliza wenyewe.

Tahadhari. Miezi mitatu ya mwanzo usikimbilie kusema jinsi mambo yanavyopaswa kubadilishwa. Yaandike. Nusu yake utayafuta mwenyewe ukishajua kwa nini yako hivyo. Nusu iliyobaki ndiyo hoja zako.

## Hatua ya 8: Mshahara wa kwanza

Siku unapoingia, kabla ya kununua chochote, hamisha akiba. Ukingoja kinachobaki mwisho wa mwezi, hakibaki. Lengo la kwanza ni akiba ya matumizi ya miezi mitatu, na namba hiyo unaijua tayari kwa sababu uliandika matumizi kwenye Hatua ya 4. Miezi mitatu ya mwanzo kaa chumba kilekile na usafiri uleule, hata kama wenzako wamehama.

Watu wa nyumbani watapiga simu, na wana haki ya kufurahi nawe. Amua kiasi cha kusaidia kabla ya simu, kiandike kwenye kurasa za pesa, na kikiisha sema kimeisha hadi mwezi ujao. Kusema "mwezi huu nimeshapanga" ni rahisi mno ukiwa umepanga kweli.

## Pale daftari linapofika kikomo

Kuna hali ambazo ratiba haitibu. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, huna hamu na chochote, usingizi umevurugika, chakula hakipiti, na unajiona huna thamani, acha kujilaumu kwa uvivu. Nenda kwa daktari au mshauri wa wanafunzi. Ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje wiki mbili, mwambie mtu leo.

## Likijaa

Kabla ya kufungua jipya, hamisha vitu vinne tu: madeni ambayo hayajalipwa, majina ya watu na tarehe zao, namba yako ya kuzidishia siku, na ile fomula ya makosa. La zamani liwekee tarehe ya kuanza na ya kumaliza kwenye jalada, kisha liweke ndani ya folda, pamoja na transkripti.